Terry Fox na Dola Moja ya Kila Mkanada

Sogeeni, wanangu. Leo sianzi kwa paukwa, maana ninayowasimulia si ngano. Yalitokea kweli, na wapo watu wengi walio hai hadi leo walioyaona kwa macho yao. Ni habari za kijana aliyekimbia kilomita 5,373, mguu mmoja wake mwenyewe na mwingine wa bandia, ili watu watoe pesa za kuufanyia utafiti ugonjwa wa saratani.

Jina lake Terry Fox. Alizaliwa mwaka 1958 huko Winnipeg, Kanada, akakulia Port Coquitlam, mji ulio magharibi kabisa mwa nchi hiyo, karibu na Bahari ya Pasifiki. Alipenda mno mpira wa kikapu, ingawa alikuwa mfupi na mwalimu wake wa michezo aliona kwamba mbio ndefu zingemfaa zaidi. Kijana akakimbia ili kumridhisha mwalimu, lakini kikapu hakukiacha. Alifanya mazoezi kwa bidii mpaka akapata namba kwenye timu ya shule, na baadaye timu ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser.

Mwezi Machi 1977, akiwa na miaka 18, maumivu ya goti la kulia yalimzidi. Alipopimwa ikaonekana ana saratani ya mfupa. Kwa wale msioijua saratani: ni chembe za mwili wako mwenyewe zilizoacha kufuata utaratibu. Chembe nzima hujigawa pale mwili unapohitaji, kisha hutulia. Chembe za saratani hazitulii. Hujigawa na kujigawa, hufanya uvimbe, na nyingine hutoka hapo zikasafiri na damu kwenda kuota mahali pengine. Mgonjwa wa saratani hakuambukizi kwa kula naye au kumshika mkono, kwa hiyo asiwepo kati yenu wa kumkimbia rafiki anayeumwa. Mguu wa Terry ulikatwa sentimita 15 juu ya goti.

Sasa shikeni hapa, kwa sababu ndipo habari yenyewe ilipo. Terry aliambiwa ana nafasi ya asilimia 50 ya kupona. Miaka miwili tu kabla yake, mgonjwa kama yeye angeambiwa asilimia 15. Kijana alikuwa yule yule na mfupa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba katika muda huo mfupi watafiti walikuwa wamepata njia bora za kuutibu ugonjwa huo. Watu asiowajua, kwenye maabara ambazo hakuwahi kuzikanyaga, walikuwa wamempandishia nafasi yake ya kuishi. Terry alilielewa jambo hilo kuliko watu wazima wengi wanavyolielewa.

Kwa miezi 16 alitibiwa kwa dawa za kemikali. Dawa hizo hushambulia chembe zinazojigawa kwa kasi, na kwa bahati mbaya hazichagui sana: zinaua za ugonjwa pamoja na nyingine zisizo na kosa, kama zile za mizizi ya nywele. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele na kichefuchefu kikamsumbua. Lakini kilichomuumiza Terry zaidi ni aliyoyaona wodini. Aliona vijana wa rika lake wakiteseka, na wengine wakifa. Akatoka pale ameshajiambia kwamba hawezi kurudi kwenye maisha yake kana kwamba hakuona kitu.

Usiku wa kuamkia siku ya kukatwa mguu, kocha wake wa zamani alikuwa amemletea jarida lenye habari za Dick Traum, mtu aliyemaliza marathoni ya New York mwaka 1976 akiwa na mguu wa bandia. Terry aliisoma habari ile akiwa kitandani, ikamkaa kichwani. Akapanga kuivuka Kanada yote kwa miguu, kutoka bahari hadi bahari, na kuwaomba Wakanada wachangie utafiti wa saratani.

Wazo kama hilo mtu hulipata kwa usiku mmoja. Mazoezi yake yalichukua zaidi ya mwaka. Alianza mapema mwaka 1979 kwa umbali mdogo kabisa, chini ya kilomita moja, kwenye giza ambako hakuna mtu wa kumtazama. Nyumbani aliwaambia tu kwamba anajiandaa kwa marathoni. Mnaojua mchakamchaka wa asubuhi shuleni mnajua mwendo wake: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Terry hakuweza kukimbia hivyo. Mguu wake wa bandia ulikuwa wa kutembelea, haukutengenezwa kwa mbio, na goti lake la chuma lilihitaji muda wa kujikunjua kabla ya kukanyaga tena. Kwa hiyo alikanyaga kwa mguu wa kushoto, akaruka tena kwa huo huo wa kushoto, ndipo akatua kwa ule wa kulia. Kushoto, kushoto, kulia. Jaribuni uani kwenu kwa dakika mbili tu, muone paja na nyonga zitakavyolalamika. Yeye alikwenda hivyo saa nzima, kisha saa kadhaa. Kigutu kilichubuka kikatoa damu na malengelenge yakatumbuka. Aligundua kwamba dakika 20 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Akizivumilia hizo, mwili unakubali.

Mwaka huo huo wa 1979 aliingia mashindano ya kilomita 27 katika mji wa Prince George. Akawa wa mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, na watu wakampokea kwa makofi na machozi. Baada ya hapo ndipo alipowafungulia wazazi wake moyo. Mama yake, Betty, hakupendezwa hata kidogo. Mama gani angependezwa? Lakini kijana alikuwa ameshaamua. Terry aliliandikia barua shirika la saratani la Kanada kuomba msaada. Wakamjibu kwa tahadhari: kwanza tafuta wafadhili, kisha ulete cheti cha daktari. Akavipata vyote viwili.

Tarehe 12 Aprili 1980, huko St. John's, pwani ya mashariki ya Kanada, Terry alichovya mguu wake wa bandia kwenye maji ya Atlantiki. Akajaza maji ya bahari kwenye chupa ili ayamwage kwenye Pasifiki akifika, kisha akaanza kukimbia. Rafiki yake Doug Alward alimfuata na gari walilokuwa wakilala humo. Doug aliendesha, akapika, akahesabu umbali. Katika mwezi wa pili wa safari Darrell, mdogo wake Terry, akajiunga nao. Watu wengi hukumbuka picha ya mkimbiaji peke yake barabarani, na mimi naona picha hiyo inamdhulumu Doug. Hakuna anayekimbia mbio za namna hii peke yake. Lazima awepo wa kupika na wa kubeba maji, awepo wa kupokea michango dirishani, na wa kununiwa siku ambayo mkimbiaji amechoka. Terry na Doug waligombana kweli kweli njiani, wakapatana, wakaendelea.

Kila siku lengo lilikuwa kama kilomita 42, yaani marathoni nzima, na kesho yake nyingine. Waliamka kabla ya mapambazuko. Siku za mwanzo zilikuwa za upepo mkali, mvua na theluji, na sehemu nyingine hakuna aliyejua huyu kijana anafanya nini. Kisha wakafika Port aux Basques, mji mdogo wenye watu kama 10,000, wakakuta wakazi wamechanga zaidi ya dola 10,000. Terry akapiga hesabu hapo hapo. Ikiwa mji huu umetoa dola moja kwa kila mtu, kwa nini nchi nzima isitoe? Kanada wakati huo ilikuwa na watu milioni 24. Akaanza kuomba dola moja kwa kila Mkanada.

Huko jimbo la Quebec mambo yalikuwa magumu. Wengi hawakuwa na habari zake, na baadhi ya madereva walikuwa wakimsukumia pembeni mwa barabara. Alipoingia jimbo la Ontario hali ikageuka. Toronto peke yake watu 10,000 walijaa uwanjani kumlaki. Mwezi Agosti alikutana na mtoto wa miaka kumi aliyepoteza mguu kwa saratani ya mfupa kama yeye, na mtoto yule akapanda baiskeli na kumfuata nyuma kwa kilomita kadhaa. Terry alisema baadaye kwamba siku hiyo ilimgusa kuliko zote.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, kikohozi kilimbana na kifua kikamuuma. Watu walikuwa wamejipanga barabarani wakimshangilia, naye akaendelea mpaka alipowapita, ndipo akaingia garini na kuomba apelekwe hospitali. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143. Njia ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ingeingia zaidi ya mara kumi katika umbali aliokuwa ameumaliza.

Michango haikusimama aliposimama yeye. Siku chache baadaye kituo kimoja cha televisheni kiliendesha kipindi maalumu kilichokusanya zaidi ya dola milioni 10. Kufikia Februari 1981 jumla ilikuwa dola milioni 24.17. Hesabu aliyoipiga Port aux Basques ilikuwa imetimia, naye aliyaona hayo akiwa hai. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23. Septemba ya mwaka huo watu 300,000 walikimbia kwa jina lake, na tangu hapo mbio hizo hufanyika kila mwaka, zikavuka mipaka ya Kanada, na fedha zilizopatikana zimezidi dola milioni 800. Hazina mshindi na hazina zawadi. Anayetembea na anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu wanahesabiwa sawa na anayekimbia, kwa kuwa Terry mwenyewe alitaka hivyo.

Najua mmoja wenu ataniuliza: kukimbia kunaiponyaje saratani? Hakuiponyi. Mbio zinawakusanya watu na kuwapa sababu ya kutoa. Mkimbiaji huenda kwa shangazi, kwa jirani na kwa mwenye duka, akawaambia: nitakimbia kilomita tano, niahidini chochote. Pesa hizo zinalipa mshahara wa mtafiti, zinanunua vifaa vya maabara na friji za kuhifadhia sampuli. Na majibu hayaji upesi. Utafiti si mchicha wa kuchuma baada ya wiki chache, ni mnazi.

Wala msidhani ni mambo ya ughaibuni tu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba mataya kwa uvimbe wa ajabu, akauandikia makala mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri kama kilomita 16,000, hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Wakachora ramani ya ugonjwa. Sampuli kutoka Uganda zilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona ndani yake kirusi, cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo watoto wengi wenye ugonjwa huo hupona kwa dawa wakiwahishwa hospitali.

Na nyinyi wasichana mliochanjwa shuleni chanjo ya kirusi cha HPV: ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Chanzo chake ni utafiti wa Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye miaka ya 1980 alionyesha kwamba kirusi hicho ndicho kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kutoka maabara yake hadi bega lako ilipita zaidi ya miaka thelathini.

Mkitaka kuingia kwenye timu ya mbio za hisani, msimwige Terry kwa umbali. Mwili wa mtoto unakua, na marathoni ya kila siku si mazoezi yenu. Anzeni na dakika chache za kukimbia na chache za kutembea, siku tatu kwa wiki, na muongeze taratibu. Ukishindwa kuzungumza na mwenzako huku mnakimbia, mwendo umezidi, punguza. Mguu ukiuma mahali pamoja kila siku, mwambie mtu mzima. Kimbieni pamoja, na anayebaki nyuma asiachwe. Mwigeni Terry kwa namna alivyoomba, maana aliomba bila haya na alieleza wazi kila dola inakwenda wapi.

Basi Jumatatu nendeni kwa mwalimu wa michezo, mumwambie mnataka mchakamchaka mmoja wa hisani muhula huu. Kabla hamjapokea hata shilingi, ulizeni hospitali au taasisi mtakayoichangia inahitaji nini na itawapa risiti gani. Mkishajibiwa, vaeni viatu.