Sauti katika Kozi za Mtandaoni: Kazi Inayoitangulia Programu

Kozi ya mtandaoni yenye masimulizi huandaliwa kwa programu za aina mbili: programu ya kuhariri sauti, kama Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 na ambayo hadi sasa hupatikana bure, na programu ya kutungia kozi, kama Articulate Storyline au Adobe Captivate, ambayo huunganisha sauti, picha, maandishi na maswali ya kujipima yakawa somo moja linalofunguka kwenye kivinjari. Kwa kuwa programu hizi za pili zina kitufe chake cha kurekodia, waandaaji wengi huona hakuna haja ya zile za kwanza, na hapo ndipo kozi nyingi huharibika, kwa kuwa sauti hubaki ndani ya kozi pekee. Adobe ilipoacha kuihudumia teknolojia ya Flash mwishoni mwa mwaka 2020, kozi zilizokuwa zimechapishwa kwa teknolojia hiyo pekee zilikoma kufunguka kwenye vivinjari vya kawaida. Aliyekuwa amehifadhi rekodi asilia nje ya kozi aliweza kuijenga upya bila kumwita msimulizi arudie kusoma.

Rekodi asilia hiyo huhifadhiwa katika umbo la WAV, ambalo halipunguzi chochote katika sauti iliyonaswa. Kompyuta hunasa sauti kwa kuipima mara nyingi katika kila sekunde, na kiwango kilichozoeleka ni vipimo 44,100, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 16, hivyo masimulizi ya dakika kumi katika mkondo mmoja hufikia takriban megabaiti 53. Masimulizi hayo hayo yakibanwa katika umbo la MP3 kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo hutosha kwa sauti ya mtu anayezungumza, hushuka hadi megabaiti 5 hivi, na kwa mwanafunzi anayenunua vifurushi vya intaneti kidogo kidogo, tofauti hiyo huweza kuamua kama somo litasikilizwa au litaachwa. Kinachobanwa ni nakala tu; kuihariri MP3 na kuibana tena na tena ni kuichakaza sauti.

Chumba cha kurekodia nacho kina uzito zaidi kuliko bei ya maikrofoni. Programu ya kuhariri huweza kupunguza kelele isiyobadilika, kama mvumo wa feni, kwa kuchukua sampuli ya kelele hiyo pale msimulizi aliponyamaza na kuiondoa kwingineko, lakini mwangwi wa kuta tupu hushikamana na kila neno na ni vigumu mno kuutenganisha nalo, ndiyo maana chumba chenye mapazia mazito, zulia na magodoro hushinda ofisi nadhifu yenye sakafu ya vigae.

Hata hivyo, sauti safi kabisa inaweza kuwa mzigo. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mwanafunzi huelewa vizuri zaidi akitazama mchoro huku akisikia maelezo yake kuliko maelezo hayo hayo yanapoandikwa pia kwenye skrini, kwa kuwa macho hulazimika kugawanyika kati ya mchoro na maandishi. Desturi ya msimulizi kusoma slaidi neno kwa neno, ambayo waandaaji wengi huiona kuwa ndiyo bidii yenyewe, kwa hiyo haina utetezi mkubwa. Kanuni hiyo ina mipaka anayoikubali Mayer mwenyewe: istilahi ngeni, na wanafunzi wanaosoma kwa lugha isiyo yao ya kwanza, huhitaji maandishi, na mpaka huu wa pili unawahusu moja kwa moja wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki wanaofundishwa kwa Kiingereza.

Suluhisho la haki kwa pande zote ni kuacha skrini na mchoro na maneno machache ya msingi, kisha kuweka matini kamili ya masimulizi mahali ambapo wanafunzi watayafungua kwa hiari, wakiwemo viziwi ambao sauti haiwafai kitu. Matini hayo huwa tayari yameandikwa, kwani ndiyo aliyosoma msimulizi. Kinachosahaulika mara nyingi ni kuyasahihisha upya pale msimulizi alipobadilisha sentensi wakati wa kurekodi, au mhariri alipokata kipande baadaye.