Vigingi vinne kwenye jaruba la Bunyala

Chukua vigingi vinne vya chuma, vigongee kwenye tope kwa mstari ulionyooka, mita moja kutoka kimoja hadi kingine. Viwili vya nje vinapeleka umeme ardhini. Viwili vya ndani vinapima volti. Gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa 6.28, na umepata ukinzani wa udongo kwa kina cha mita moja hivi. Tanua nafasi, utaona chini zaidi. Mmarekani Frank Wenner aliichapisha njia hii mwaka 1915.

Chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme, kwa hiyo ukinzani hushuka. Faida ya kipimo hiki ni kuwahi. Ule ukoko mweupe wa chumvi juu ya shamba huonekana mavuno yakiwa yameshapungua. Maabara huuita udongo "wa chumvi" upitishaji wake wa umeme ukifika desisimensi 4 kwa mita, lakini mpunga huanza kuumia kwenye 3, mahindi 1.7, maharage 1. Mkulima hupata hasara kabla ugonjwa haujapewa jina.

Skimu ya Bunyala, kaunti ya Busia nchini Kenya, imekuwa ikimwagiliwa maji ya mto Nzoia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, skimu ya Doho hutumia maji ya mto Manafwa. Iko wilaya ya Butaleja. Mvua huku si haba, na maji ya mito ni matamu. Hatari iko kwenye mabonde ya mfinyanzi ambako maji yanaingia na hayatoki: jua linayanyonya, chumvi inabaki.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Mfinyanzi mweusi wenyewe hupitisha umeme, hata usipokuwa na chumvi. Ukisoma ukinzani wa omu-mita 5, huenda ni chumvi, huenda ni udongo mzito uliolowa tu. Kifaa hakitofautishi. Ndiyo maana nasisitiza: chimba pale ukinzani ulipo chini kabisa, pale wa wastani, na pale ulipo juu, kisha peleka udongo maabara. Pima baada ya mavuno, majaruba yote yakiwa na unyevu unaolingana. Ramani ya rangi isiyo na shimo hata moja nyuma yake isikubaliwe.

Viongozi wa wakulima wa Bunyala na Doho, ombeni kipimo cha kwanza sasa, mashamba yakiwa bado yanazaa, na mkihifadhi wenyewe.