Suke Nono, Mbegu Hakuna

Ukisikia neno mbegu, bila shaka unawaza mahindi na maharagwe. Nyasi je? Wengi hudhani nyasi hujiotea tu. Huku kwetu Makueni nyasi hupandwa, na mbegu zake huuzwa kwa kilo. Tangu ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ambapo mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa nchini, hakuna anayemcheka mtu anayepanda nyasi.

Shida iko kwenye suke. Nyasi huhitaji maji hasa inapochanua. Mvua ikikatika wakati huo, chavua hudhoofika, kiini hukosa chakula, na suke hujaa mapepe. Kwa macho utaliona nono kabisa, lakini lifikiche mkononi: hakuna kitu! Mjomba wangu alinunua kilo kadhaa sokoni, akalima, akapanda, akangoja. Zilizoota ungezihesabu kwa vidole.

Isitoshe, masuke ya nyasi hayaivi pamoja kama ya mtama. Moja linachanua huku jingine limekwisha kupukutika. Ukiwahi unavuna mbichi, ukichelewa unaokota vumbi. Nyasi yenyewe hailaumiwi, maana porini mbegu inayopukutika ndiyo inayojipanda.

Kwa hiyo mtaalamu wa kuzalisha aina mpya ana mtihani. Ng'ombe anataka majani, na nyasi yenye majani mengi mara nyingi huchelewa kuchanua na kutoa mbegu haba. Huko Kitale, mtafiti J. G. Boonman alilichunguza sana jambo hili la mbegu za nyasi katika miaka ya 1970. Lakini Kitale kuna mvua, bwana! Kwenye ukame, inayochelewa hukutwa na jua kali kabla ya kujaza suke. Mimi ningechagua inayowahi, hata ikiwa na majani machache kidogo, mradi masuke yake yachanue pamoja na kushika mbegu.

Kuchagua nako si rahisi. Chukua ndata kivumbu, nyasi maarufu ya Ukambani. Kwa kawaida mbegu yake hubeba urithi wa mama peke yake. Chavua husaidia tu kutengeneza chakula cha mbegu, haichangii kitu katika mtoto. Basi utaoanishaje mmea unaovumilia kiu na ule wenye mbegu nyingi? Njia ilifunguka mwaka 1962, pale E. C. Bashaw wa Texas alipoeleza habari za mmea wa nyasi hiyo hiyo uliozaa kwa baba na mama. Huo ukawezesha kuoanisha.

Kituo cha utafiti cha Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, hushughulikia nyasi zetu za nyanda kame. Wewe unayenunua, kumbuka kwamba mbegu iliyovunwa juzi hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Kwanza hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye maji, ungoje wiki mbili. Zikiota 5 tu, usilime.