Amerika ya Kati (4): Belize na barabara ambayo haikujengwa

Kesi ya Guatemala na Belize, iliyo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, imeanza tena kutajwa katika taarifa za habari. Kama kawaida watangazaji wanapita juu juu: "mgogoro wa muda mrefu wa mpaka", halafu michezo. Mgogoro huo una chanzo, na chanzo chenyewe kimeandikwa. Rafiki zangu wamechoka kusikia habari za Ibara ya Saba. Leo ni zamu yenu.

Waliofuatilia makala zilizopita wanakumbuka jinsi majirani walivyojitoa mikononi mwa Hispania mwaka 1821. Belize ilipita njia nyingine. Ni nchi ya kilomita za mraba zipatazo 22,900, Mexico ikiwa kaskazini, Guatemala magharibi na kusini, na Bahari ya Karibi mashariki, ambako lipo tumbawe refu la pili duniani baada ya lile la Australia. Watu wake ni laki nne hivi. Kiingereza ni lugha ya serikali, lakini sokoni utasikia Kikrioli, Kihispania, lugha za Wamaya, Kigarifuna, na hata lahaja ya Kijerumani ya wakulima Wamenoni waliohamia huko kuanzia mwaka 1958.

Kilichowaleta Waingereza ni miti. Kwanza ilikuwa ile ya kutoa rangi ya kutia nguo, baadaye mahogani. Kwa mikataba ya 1783 na 1786, Hispania iliwaruhusu kukata hadi Mto Sibun, ila wasijenge ngome, wasilime mashamba makubwa, wala wasiunde serikali. Walikuwa wapangaji, na kama wapangaji wengi wabishi hawakuondoka.

Wao walihesabu fedha. Shoka walishika watumwa Waafrika. Mmoja alipanda mti mrefu kuliko yote, akakodoa macho juu ya msitu mpaka atambue majani ya mahogani. Wenzake walifunga jukwaa kuzunguka mti, maana shina kwa chini limetanuka mno kukatika. Magogo yalikokotwa na ng'ombe usiku, kwa mwanga wa mienge, kwa kuwa joto la mchana liliwashinda wanyama. Kisha yalingoja mto ufurike uyateremshe pwani. Tazama bendera ya Belize: wakataji wawili, mmoja ana shoka, mwingine kasia. Mataifa mengine huchora tai na simba. Hawa walichora vibarua, nami nawasifu, ingawa mababu wa wengi wao hawakuwahi kulipwa hata senti.

Sasa tuje kwenye mwaka 1859. Uingereza na Guatemala zilitia saini mkataba wa mpaka uliofika Mto Sarstoon, kusini kabisa mwa Sibun. Ibara ya Saba ilisema pande zote mbili zitajitahidi kwa pamoja kufungua njia, iwe barabara ya mikokoteni, mito au vyote viwili, kutoka mji mkuu wa Guatemala hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1863 Uingereza ikakubali kulipa pauni 50,000 ili neno liishe. Guatemala ikachelewa kuridhia, Uingereza ikasema basi, haidaiwi tena. Barabara haikujengwa. Guatemala husema ile barabara ndiyo iliyokuwa bei ya ardhi, na bei isipolipwa mali hurudi kwa mwenyewe. Uingereza ilisema mkataba ulitambua tu mpaka uliokuwepo tayari.

Waliosaini hawakumuuliza mkata miti hata mmoja, wala Mmaya. Sisi Watanzania tunaobishana na Malawi juu ya Ziwa Nyasa kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 tusiwacheke.

Nafasi inaniishia na Wagarifuna sijawagusa: kizazi cha Waafrika na Wakaribi wa kisiwa cha St Vincent, waliohamishwa kwa nguvu na Waingereza mwaka 1797. Kufika kwao Belize huadhimishwa kila tarehe 19 Novemba. Chakula chao kinaitwa hudut, ndizi zilizotwangwa kinuni zikaliwa na samaki wa tui la nazi. Mtu wa Lamu angenawa mikono bila kuuliza.

Belize ilipata uhuru mwaka 1981, askari wa Uingereza wakabaki kuilinda, na Guatemala ikaitambua mwaka 1991 bila kufuta dai lake. Wananchi walipoulizwa kama kesi iende The Hague, Guatemala walikubali mwaka 2018 kwa takriban asilimia 96. Belize mwaka 2019 kwa asilimia 55 tu. Siwashangai wale 45. Kinachodaiwa, kuanzia Sibun hadi Sarstoon, ni zaidi ya nusu ya nchi yao.

Kwa maoni yangu, kama deni la barabara lipo, mdaiwa ni London, si mvuvi wa Punta Gorda. Hukumu ikitoka, msomaji, usikimbilie ramani. Tafuta kwanza majaji wamesema nini juu ya Ibara ya Saba. Sehemu ya tano itahusu Guatemala yenyewe.