Gari la Kale: Ni Starehe au ni Akiba?

Siku hizi, katika mabaraza yetu ya Unguja, wapo vijana walioanza kuyapenda magari ya zamani. Mtu akipata kazi ya mshahara mzuri, au akirudi kutoka Maskati au Dubai na kitu mfukoni, huliacha gari jipya akaenda kutafuta Morris Minor la miaka ya hamsini, au Volkswagen ya umbo la kobe, au Peugeot 404. Wazee wake wakimwuliza kwa nini ametoa fedha nyingi kununua chuma kikuukuu, hujibu upesi: "Hii ni akiba. Magari haya hupanda bei kila mwaka." Lakini Ijumaa jioni utamwona amelipaka nta, amefungua madirisha yote, anakwenda polepole kutoka Chukwani hata Forodhani na kurudi, na uso umemjaa furaha. Basi hapo ndipo lilipo suala letu: gari la kale ni la starehe au ni la akiba?

Huenda msomaji akaliona suala hili kuwa ni dogo, la kupitishia wakati tu. Lau angalitazama vizuri angaliona kuwa haki tatu zimefungamana nalo: haki ya maskini katika zaka, haki ya mke na watoto katika matumizi ya nyumba, na haki ya warithi siku mwenye gari atakapoondoka duniani. Kwa hivyo yafaa tulipime kwa utulivu.

YANAYOONEKANA SOKONI

Wanaosema kuwa gari la kale ni akiba hawasemi bila ya ushahidi. Mwezi wa Mei mwaka 2022, katika mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, liliuzwa gari la Mercedes-Benz 300 SLR la mwaka 1955 kwa Yuro milioni 135. Mpaka siku ile hapakuwa na gari lililopata kuuzwa kwa bei kama hiyo, na fedha zake zikawekwa katika mfuko wa kuwasomesha vijana. Mwezi wa Novemba mwaka 2023, mjini New York, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa kwa zaidi ya Dola milioni 51. Kijana akizisikia khabari hizi hulitazama Volkswagen lake akaona hazina.

Lakini na aulize sababu ya bei hizo. Mercedes ya namna ile yalitengenezwa mawili tu, na Ferrari za namna ile ni 36 katika dunia nzima. Ama Volkswagen ya umbo la kobe, mpaka ilipokwisha kutengenezwa huko Mexico mwezi wa Julai mwaka 2003, zilikuwa zimekwishatoka zaidi ya milioni 21. Na Morris Minor yalitengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu. Uzee peke yake hauleti thamani. Kinacholeta thamani ni uchache wa kitu pamoja na wingi wa wanaokitaka, na hata hayo mawili yakikutana, soko lina khiyana yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya kale zilipanda mno Ulaya, Marekani na Japani, hata watu wakakopa fedha kununua magari wasiyoyapanda, wakiyafungia tu wangoje faida. Miaka ya 1990 ilipoingia bei zikaanguka, na wengi wakabaki na gari mkono mmoja na deni mkono wa pili.

Tukitazama karibu na kwetu tutaona sura nyingine. Mjini Nairobi, tangu mwaka 1971, hufanyika mashindano ya uzuri wa magari yaitwayo Concours d'Elegance, ambayo watu huleta magari yao yaliyotunzwa yakakaguliwe na kupewa alama. Na yale mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalizaa mwaka 2003 mashindano mengine ya magari ya kale peke yake. Wazee wetu wanaokumbuka redio ya zama zile watakwambia kwa nini Peugeot 404 ina heshima mpaka leo: ilishinda Safari mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Wenye magari haya hutumia mali yao kwa mapenzi na kumbukumbu. Wachache sana kati yao hurudishiwa walichokitoa, nao wanalijua hilo na wameliridhia.

CHUKWANI NA CHUMVI YA BAHARI

Sasa turejee hapa petu. Chukwani ni pahala pa upepo mzuri. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alijenga hapa kasri ya kupumzikia, kwa ajili ya hewa ya bahari. Kasri ile leo imebaki sehemu yake tu. Ikiwa mawe na chokaa vya Sultani vilishindwa na wakati, bati la gari litakuwaje?

Upepo uleule unaotuburudisha barazani huchukua chumvi, na chumvi ikikutana na unyevunyevu juu ya chuma huzaa kutu. Magari ya zamani hayakupakwa kinga ya kutu kama yapakwavyo mengi ya siku hizi. Kutu huanza pasipoonekana: chini ya sakafu, ndani ya milango na kwenye fremu. Gari likiachwa limesimama ndiyo khasara zaidi: mipira hukauka na kupasuka, petroli huharibika ndani ya tangi, breki hushikana. Tena injini nyingi za zama zile zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, nayo imeondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa mwaka 2006. Injini kama hiyo ikitiwa petroli ya leo bila ya fundi kubadilisha sehemu zinazokaliwa na valvu, huliwa kidogo kidogo.

Hapa pana fumbo ambalo mwenye gari sharti alifahamu. Akiliendesha kila siku, analifaidi, lakini linachakaa na bei yake inashuka. Akilifungia ndani ili lihifadhi bei, halifaidi, na chumvi ya Chukwani inamlia bati usiku na mchana. Starehe na akiba zinavutana katika gari moja kama watu wawili katika shuka moja: huyu akijifunika, yule anabaki wazi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu amenunua gari kwa Shilingi milioni 10. Kila mwaka ametoa milioni moja kwa fundi, vipuri, rangi, leseni na bima. Baada ya miaka kumi ameliuza kwa milioni 18. Barazani atasema, "Nimepata faida milioni nane." Lakini ametoa milioni 20 na kupokea 18, amekula khasara ya milioni mbili, mbali na kuwa shilingi yenyewe baada ya miaka kumi hainunui ilichokuwa ikinunua. Mkarafuu ukingoja huzaa, na nyumba ikingoja hupangishwa. Gari likingoja linakula tu. Ikiwa amelipanda kwa raha miaka kumi, basi milioni mbili ni gharama ya raha yake, wala si ghali. Lakini asiiite biashara.

MIZANI YA SHARIA

Uislamu haukukataza pambo. Katika Suratin Nahl Mwenyezi Mungu ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo, akataja kuwa huumba na tusivyovijua. Basi mtu kufurahia kipando chake kizuri si dhambi. Na Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amewagawa wenye farasi mafungu matatu: yuko ambaye farasi wake ni thawabu kwake, naye ni aliyemweka kwa njia ya Mwenyezi Mungu, yuko ambaye farasi wake ni sitara kwake, naye ni aliyemweka ili ajitosheleze asiwaombe watu, wala asiisahau haki ya Mwenyezi Mungu, na yuko ambaye farasi wake ni mzigo wa madhambi, naye ni aliyemweka kwa fakhari na kujionyesha. Farasi ni yuleyule, bali nia zimetofautiana. Na gari la kale ni farasi wa zama zetu.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wamelipambanua jambo hili tangu zamani. Kitu ulichokipata kwa ajili ya kukitumia hakina zaka, hata kikiwa cha thamani. Kitu ulichokinunua kwa nia ya kukiuza upate faida ni mali ya biashara, na mali ya biashara, ikifikia nisabu na mwaka wa Kiislamu ukatimia, hutolewa zaka juu ya bei yake ya sokoni siku hiyo, yaani 25 katika kila elfu. Kwa hiyo aliyenunua gari kwa nia ya kulingojea bei, nalo leo lina thamani ya Shilingi milioni 16, ikiwa mali yake imefikia nisabu, juu yake pana Shilingi 400,000 kwa mwaka, na mwaka wa pili vivyo hivyo, ijapokuwa bado hajaliuza. Ama anayelikodisha katika maarusi, gari lenyewe halina zaka. Zaka imo katika kodi aliyoipokea, ikibaki mkononi mwake kwa nisabu na mwaka.

Hapa ndipo ndimi mbili zinapofichuka. Mkewe akimwuliza kuhusu fedha za ada ya skuli na bati la jiko linalovuja, husema, "Subiri, ile ni akiba yetu." Mwezi wa Ramadhani ukiingia, hesabu za zaka zikafanywa, husema, "Lile ni gari langu la kutembelea." Ndugu yangu, gari moja haliwezi kuwa akiba mbele ya mkeo na matumizi mbele ya maskini. Nia uliyokuwa nayo siku ulipotoa fedha ndiyo inayohukumu, na Mwenye kuijua nia hiyo hahitaji shahidi. Wala haina ubaya mtu kulinunua kwa kulipanda huku moyoni akisema, "Nikipata bei nzuri siku moja nitaliuza." Hilo peke yake haliligeuzi kuwa biashara. Linaloligeuza ni kulinunua hasa kwa ajili ya faida.

Wengine hawakununua, bali wameachiwa gari na baba. Gari la urithi halipati kuwa mali ya biashara kwa nia tu. Lakini lina haki nyingine ambayo wengi huisahau. Mtoto wa kiume aliyekuwa akilisafisha hulishika funguo akasema, "Hili ni kumbukumbu ya baba," na dada zake hustahi kusema neno. Kumbukumbu ni ya wote, na bati pia ni la wote. Likithaminiwa kwa milioni 16, baada ya madeni na wasia, na marehemu ameacha mke, mwana mmoja na mabinti wawili, basi mke ana milioni mbili, mwana saba, na kila binti tatu na nusu. Anayetaka kulibakisha na awalipe wenziwe, au waridhie kwa khiari yao bila ya kuonewa haya.

Na anayeuza asiwe na hadaa. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, alimkemea mwuzaji kwa kuuficha asiuweke juu watu wauone. Wangapi leo huziba kutu kwa puti na rangi mpya, wakasema, "Gari safi, halina tatizo"? Puti juu ya kutu na nafaka kavu juu ya nafaka mbichi, hukumu yake ni moja. Sema aibu ya gari kabla ya kutaja bei yake.

NENO LA MWISHO

Jawabu letu basi ni hili. Kwa mtu wa Chukwani, au wa Mjini, au wa shamba, anayenunua gari la kale kwa mshahara wake, gari hilo ni starehe, na starehe ya halali inunuliwe kwa fedha zilizobaki baada ya haki kutimizwa. Mtu na alipe deni kwanza, awalishe na kuwasomesha walio chini yake, atoe zaka ya mali yake, kisha akibakiwa na ziada na moyo wake umependa Morris Minor, na alinunue kwa Bismillahi, alipande, ampakie mama yake ampeleke arusini, wala asiombe radhi kwa mtu. Likija kupanda bei, hiyo ni fadhila ya Mwenyezi Mungu.

Ama anayetafuta akiba ya watoto wake, na atazame ardhi, nyumba, mikarafuu, au elimu yao wenyewe, ambayo hewa ya chumvi haiiozeshi. Nanyi vijana, kabla ya kutoa fedha, jiulizeni faraghani: lau ningaliambiwa leo kuwa gari hili halitapanda hata shilingi moja, je, ningalilinunua? Anayejibu "ndiyo" ameijua starehe yake, na aifuate kwa kiasi. Anayejibu "la" ni mfanyabiashara, basi na aishike daftari, ahesabu gharama, na atoe zaka yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika nia zetu na katika mali zetu. Amin.