Dawa za Steroidi na Moyo Wako

Ninyi mlio Chole, Juani na Utende, kando ya Ghuba ya Chole, somo la leo lawahusu sana. Fungueni madaftari. Andikeni: STEROIDI.

Steroidi ni nini? Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Tezi hizo hutoa kitu kinachousaidia mwili kustahimili maradhi. Wataalamu wakajifunza kukitengeneza kiwe dawa. Mwaka 1948, huko Marekani, Daktari Philip Hench alimpa dawa hiyo mwanamke mwenye baridi yabisi kali. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi hospitali hutumia prednisoloni na deksamethasoni kwa pumu kali na magonjwa mengine. Dawa hizi huokoa maisha.

Lakini dozi kubwa ina mzigo wake. Sikilizeni vizuri.

Kwanza, dawa huufanya mwili ushike chumvi. Penye chumvi, maji nayo hubaki, na shinikizo la damu hupanda. Mmeona dau lililopakiwa kupita kiasi: mpiga kasia ni yule yule, lakini kazi imezidi. Ndivyo moyo unavyochoka.

Pili, mwili hupoteza potasiamu, madini yanayosaidia kuongoza mapigo ya moyo. Yakipungua mno, moyo waweza kupiga ovyo.

Tatu, dozi kubwa sana ya kutiwa mshipani yaweza kuufanya moyo uende mbio au polepole mno. Ndiyo sababu muuguzi hushika mkono wa mgonjwa akahesabu mapigo.

Basi tufanyeje?

1. Usinunue steroidi dukani bila cheti cha daktari, wala usizimeze ili unenepe. Uso uliovimba si afya.

2. Mweleze daktari mapema kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari.

3. Punguza chumvi, na samaki wa chumvi pia.

4. Ukiona miguu imevimba, pumzi inabana ulalapo, au moyo unadunda ovyo, nenda hospitali mara moja. Mtu wa Chole avuke mpaka Utende, kisha aende Kilindoni. Asingoje usiku uingie na maji yakupwe.

5. Usiache dawa ghafla ikiwa umeitumia kwa wiki nyingi. Tezi zako zimelala. Zisipopewa nafasi ya kuamka, waweza kuzimia, hata kufa. Daktari ndiye atakayepunguza dozi kidogo kidogo.

Maswali ya darasani:

(a) Kwa nini chumvi huuongezea moyo kazi?

(b) Taja dalili tatu za hatari.

(c) Jirani yako amevimba miguu, naye ataka kutupa vidonge vyake leo. Utamshauri nini?

Someni tena kwa sauti, kisha wasomeeni walio nyumbani. Kwaherini mpaka somo lijalo.