Je, Wajua? Mafuta Yanayoganda Njiani

Je, wajua kwamba mafuta ghafi ya Uganda, yakiachwa katika joto la kawaida, hayatiririki? Yana nta nyingi mno. Yakitoka ardhini yana moto wa kutosha kupita popote, lakini yakipoa hushikana kama samli asubuhi ya Lushoto mwezi wa saba. Ndiyo maana bomba la kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto njia nzima, kilomita 1,443, mafuta yasishuke chini ya nyuzi joto 50.

Kazi ya kulitunzia joto ilifanyika mahali ambapo wengi hawapajui: Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Mabomba ya chuma yenye kipenyo cha inchi 24 yalitoka China, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapandishwa malori hadi Sojo. Huko kiwanda kilichozinduliwa Machi 2024 kiliyavika tabaka nene la povu la kuzuia joto lisitoroke, na juu yake ganda gumu la plastiki. Kisha yakasambazwa mikoani, yakaunganishwa kwa kuchomelewa na kufukiwa pamoja na nyaya za umeme za kupashia joto. Ukipita juu yake baada ya mvua mbili tatu, utaona majani tu.

Je, wajua kwamba hilo si bomba refu kuliko yote duniani, ingawa husemwa hivyo kila kukicha? Hata hapa kwetu silo la kwanza kwa urefu. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lina kilomita 1,710 na lilianza kazi mwaka 1968. Sifa ya bomba la Hoima ni kuwa refu kuliko yote yanayopashwa joto. Neno dogo, lakini ndilo linalobeba gharama.

Kenya nayo ina mafuta ya namna hiyo hiyo. Yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, na kuanzia Juni 2018 yakawa yanasafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa, katika matangi yaliyovikwa kinga ya joto yasije yakaganda njiani. Shehena ya kwanza, mapipa 200,000, iliuzwa Agosti 2019 kwa dola milioni 12. Nairobi ilitarajia kwamba Uganda ingepitishia mafuta yake Lamu, bomba moja litumiwe na nchi mbili. Mwaka 2016 Kampala ikachagua Tanga, na safari za malori ya Turkana zikasimama mwaka 2020.

Je, wajua kwamba mwaka 1938 ulizaa mambo mawili ambayo leo yanakutana Tanga? Mwaka huo kisima cha kwanza cha kutafuta mafuta Uganda kilichimbwa Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Miaka kumi na tatu kabla yake, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland, alikuwa ameandika ripoti kuhusu mafuta yanayovuja yenyewe ardhini katika bonde hilo. Ikaja vita ya pili ya dunia, na mafuta ya kutosha biashara hayakuthibitishwa hadi mwaka 2006. Leo inakadiriwa kwamba chini ya bonde hilo kuna mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4.

Desemba ya mwaka huo huo wa 1938, meli ya uvuvi ya Afrika Kusini ilileta bandari ya East London nchini humo samaki wa ajabu, mwenye mapezi yanayofanana na miguu. Wanasayansi walikuwa wanaamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Huyo ndiye silikanti. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa bila kumtafuta, katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Silikanti ana jambo moja ambalo mwandishi wa riwaya angeogopa kulitunga: kiungo chake kinachomsaidia kuelea hakina hewa kama cha samaki wengi, kimejaa mafuta ya aina ya nta. Huyo ndiye jirani wa bomba la mafuta ya nta. Pale Chongoleani yamepangwa matangi manne, kila moja likichukua mapipa 500,000, na jeti inayoingia baharini karibu kilomita 2 ambako meli zitapakia. Meli ya mafuta huwekewa eneo la usalama ambamo ngalawa hairuhusiwi kuingia, kwa hiyo ukimwuliza mvuvi wa Chongoleani atakutajia kwanza eneo hilo, silikanti baadaye, kama atamkumbuka.

Je, wajua mkuza ni nini? Ni ule ukanda wa ardhi, upana wake mita 30, unaofuata bomba tangu Hoima hadi baharini. Kati ya kilomita 1,443, kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Kwa maneno mengine, karibu asilimia 80 ya bomba la mafuta ya Uganda limelala katika udongo wa Tanzania.

Shughuli ya mkuza huanza na mthamini. Anafika na fomu, anahesabu mikorosho, migomba, michungwa, anapima chumba na banda, mwenye shamba anatia saini au dole gumba. Halafu hutangazwa tarehe ya ukomo: kuanzia siku hiyo usijenge kipya, usipande mazao ya kudumu, maana hayatalipwa. Kisha mtu anangoja. Sheria ya Tanzania inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa iwe na riba, na ikipita miaka miwili uthamini urudiwe. Upande wa Uganda, ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2023 ilieleza kwamba watu wengi walisubiri miaka mitatu hadi mitano. Kwa hesabu za TotalEnergies yenyewe, kampuni ya Ufaransa inayoongoza mradi, miradi ya visima vya Tilenga na bomba imegusa wenye ardhi na watumiaji wa ardhi karibu 19,000.

Watetezi wa mradi hujibu kwamba fidia ililipwa, nyumba mpya zikajengwa, na ni kweli: nyumba za matofali na bati zipo, zinaonekana. Lakini mtu aliyezuiwa kupanda mkahawa kwa miaka mitatu amewakopesha wawekezaji misimu yake mitatu bila mkataba, na sijaona jedwali la uthamini lenye safu ya kuandika hilo.

Yapo pia makaburi. Shirika la kidini la GreenFaith lilikadiria kwamba makaburi zaidi ya 2,000 yaliguswa katika nchi zote mbili. Kampuni ya bomba inasema iliyahamisha kwa kufuata mila za wenyewe. Linalozozaniwa ni kama wenyewe walipewa muda wa kuzitimiza mila hizo.

Je, wajua kwamba kisima cha mafuta kinaweza kwenda upande? Ndivyo ilivyo katika Hifadhi ya Murchison Falls, Uganda. Mradi wa Tilenga umepangiwa visima zaidi ya 400, lakini vinachimbwa kutoka vituo 31 tu, na 10 kati yake viko ndani ya hifadhi. Kekee inashuka wima, halafu inapindishwa taratibu kufuata mwamba wenye mafuta. Bomba la kuvushia mafuta limepitishwa chini ya mto Naili kwa ufundi huo huo wa kupinda.

Hapo ndipo kila upande unapotoa rula yake. TotalEnergies hupima kwa eneo: tumechukua chini ya asilimia 1 ya hifadhi. Shirika la AFIEGO la Kampala hupima kwa kelele na taa: ndovu wanatoka, wanaingia mashambani. Ndovu hajui hekta. Mimi naona kipimo cha eneo kinafaa ukijenga hoteli, hakifai ukitetemesha ardhi.

Je, wajua moshi wa mafuta haya ni wa nani? Huu ndio ugomvi mkubwa wenyewe, na hesabu yake si ngumu. Pipa moja la mafuta ghafi likichomwa lote hutoa takriban kilo 430 za hewa ukaa. Bomba likipitisha mapipa 216,000 kwa siku, zidisha kwa siku 365: unapata kama tani milioni 34 kwa mwaka. Taasisi ya Marekani ya Climate Accountability Institute ilijumlisha maisha yote ya mradi, miaka 25, ikiwemo miaka ya uzalishaji mdogo, ikapata tani milioni 379. Tathmini ya mazingira iliyowasilishwa na mradi ilihesabu ujenzi na uendeshaji wa bomba peke yake, ambao kwa taasisi hiyo ni chini ya asilimia 2 ya jumla. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Mmoja alisimama kwenye jeti ya Chongoleani, mwingine akaifuata meli hadi kwenye moshi wa gari huko mafuta yanakouzwa.

Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua swali hilo hilo, si kwa ajili ya Afrika bali kwa ajili ya visima vichache vya Horse Hill, Surrey, kusini mwa London. Mkazi wa eneo hilo, Sarah Finch, alidai kwamba halmashauri haikuwa na haki ya kutoa kibali bila kuhesabu moshi wa mafuta yatakapochomwa. Tarehe 20 Juni 2024 majaji watatu dhidi ya wawili walimpa ushindi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: mafuta yanachimbwa ili yachomwe, basi moshi wake ni matokeo ya kuchimba.

Kwa bomba letu, mahakama hazijafika huko. Mashirika manne, kutoka Uganda, Kenya na Zanzibar, yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2020. Novemba 2023 ikatupwa: mkataba wa jumuiya unataka mlalamikaji aje ndani ya miezi miwili, nao, kwa maoni ya mahakama, walipaswa kuja mwaka 2017. Paris nako, Februari 2023, kesi dhidi ya TotalEnergies ilikataliwa kwa kasoro za utaratibu. Mahakama mbili katika mabara mawili, na hakuna iliyofika kwenye kuamua kama bomba lina madhara au halina.

Je, wajua hasira ilifika wapi Septemba 2022? Bunge la Ulaya lilipitisha azimio likitaka mradi ucheleweshwe mwaka mmoja na njia nyingine itafutwe. Dodoma na Kampala zikawaka. Wabunge wa nchi zilizokuwa zikirudia makaa ya mawe kwa sababu ya vita ya Ukraine wanatufundisha nini? Swali halali kabisa, na sijawahi kusikia likijibiwa vizuri. Ila Oktoba hiyo hiyo vijana wa vyuo waliandamana Kampala kuliunga mkono azimio wakakamatwa, na wao walikuwa Waganda, si Wazungu. Kwa hiyo kusema upinzani wote umeletwa na ndege ni kurahisisha mno.

Wapo waliowahi kuulizwa kwa kura kama mafuta yao yachimbwe. Mwaka 2007 Ecuador iliiambia dunia: tulipeni dola bilioni 3.6 tuyaache mafuta ya hifadhi ya Yasuní ardhini. Dunia ilitoa kama milioni 13. Mpango ukafa mwaka 2013, visima vikachimbwa, na Agosti 2023 wananchi wakapiga kura, karibu asilimia 59 wakataka uchimbaji ukome. Kongo, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Albert, ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta Julai 2022, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga, kisha ikaufuta Oktoba 2024.

Je, wajua fedha zimegawanywaje? TotalEnergies ina asilimia 62 ya bomba, Uganda kupitia shirika lake la mafuta, UNOC, 15, Tanzania kupitia shirika lake, TPDC, 15, CNOOC ya China 8. Kila pipa likipita litalipia dola 12.77. Kwa mapipa 216,000 kwa siku hiyo ni kama dola bilioni moja kwa mwaka, lakini usianze kuigawa kwa asilimia 15: deni la ujenzi hutangulia. Benki nyingi kubwa za Magharibi zilijitoa, na fungu la kwanza la mkopo, Machi 2025, lilitoka kwa akina Afreximbank, Standard Bank na KCB Uganda.

Uganda inataka pia kiwanda cha kusafishia mafuta Kabaale, mapipa 60,000 kwa siku, na Machi 2025 ilisaini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM ya Dubai. Uzalishaji wa juu kabisa unaotarajiwa ni mapipa 230,000. Kiwanda kikijengwa kikachukua sehemu yake, bomba litabaki na kama 170,000, na visima vikizeeka yatapungua zaidi. Mafuta machache hupita polepole, yakipita polepole hupoa zaidi, kwa hiyo kila pipa litahitaji umeme mwingi zaidi wa kulipasha. Bomba hili litakula nishati nyingi zaidi kwa kila pipa katika miaka yake ya mwisho, wakati mapato yake yatakuwa madogo kuliko yote.